Theluji, Kaa Kidogo

Kwetu Minezawa, kitongoji cha milimani huku Japani, mtu hasifu kilicho chake. Ukivuna figili nene, tamu hata mbichi, ukampelekea jirani, unamwambia samahani kwa mizizi hii mibovu, ikikushinda watupie kuku. Naye anaipokea kwa mikono miwili, anainama, anasema anasikitika sana kukusumbua, kisha jioni anamwambia mumewe kwamba figili za nyumba ile hazina mfano. Maneno yanakwenda huku, maana inakwenda kule, na kila mtu anajua aifuate wapi. Mimi, Kinue, nilizaliwa na mdomo usio na pazia, na nimekemewa kwa sababu hiyo tangu utotoni mpaka leo nina wajukuu.

Wifi yangu Shizuno ni bingwa wa mambo hayo. Anainama hata akiongea kwa simu. Aliolewa na kaka yangu mkubwa, marehemu sasa, na mimi nilipofiwa na mume nilirudi nyumba ya baba tukawa tunaishi wawili, wajane wawili na paka mmoja mvivu. Tunagombana kuhusu chumvi ya supu, kuhusu moto wa kuogea, kuhusu nani alisahau kufunga ghala. Ni mtu mwema kupita kiasi, na huo wema ndio unaonifanya leo nitetemeke kwa hasira.

Yeye na kaka yangu walikuwa na mtoto mmoja, Ryohei. Alifariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la kwanza, mvua za vuli zikinyesha, na daktari alifika wakati mtoto hamjui tena hata mama yake. Picha zake tunazo chache. Kamera ya video kaka yangu hakuwa nayo. Katika dunia nzima sauti ya mtoto yule ilibaki mahali pamoja tu, kwenye vipaza sauti vya kitongoji.

Vipaza sauti hivyo viko juu ya nguzo, hulia kila jioni saa kumi na moja kuwaambia watoto waache kucheza warudi nyumbani. Watoto wenyewe wamekwisha. Shule ilifungwa, na ndani ya ukumbi wake sasa watu wanakaushia uyoga. Mwaka mzima inalia kengele tu. Lakini kuanzia Aprili mosi mpaka mpunga uwe umepandwa, badala ya kengele ulipigwa wimbo wetu wa machipuko, ule ambao watoto wa hapa waliuimba pamoja wakishikana mikono kwenye matuta ya mashamba, kila mwaka, tangu babu zetu wakiwa wadogo. Mwalimu aliurekodi kwenye kaseti mwaka ule Ryohei alipoanza shule. Unaanza hivi:

Theluji, theluji, nenda zako,
mto unakuita, nenda zako,
chini ya majani kuna kijani,
sisi wa Minezawa tunakipokea.

Ryohei hakuwa na haja ya theluji kwenda zake. Alikuwa na kigari chake cha kutelezea kwenye theluji, alichochongewa na baba yake, na baridi ikiisha kigari kinapelekwa ghalani. Basi siku ya kurekodi, wenzake walipofika mstari wa kwanza wa ubeti wa pili, ulio sawa na wa kwanza, yeye akawatangulia kidogo na kuimba kwa sauti yake yote, "Theluji, theluji, kaa kidogo." Katika kaseti ulisikia hata mtoto mmoja akishindwa kuzuia kicheko. Mwalimu alikusudia kurudia, umeme ukakatika, na kaseti ikapelekwa ofisi ya mtaa vile vile.

Wakati mtoto akiwa hai Shizuno alikuwa anazunguka kuomba radhi kwa utani. Mwanangu amewaharibia wimbo, samahanini jamani. Watu wanacheka, wanamwambia hapana, ndiye anayeutia utamu. Alipokufa, aliendelea kuomba radhi. Kila mwaka, wimbo ukianza, akikutana na mtu njiani anainama, anasema, "Mwaka huu tena sauti ya mwanangu inawasumbua." Nilichelewa kuelewa kwa nini. Hakuna mtu wa kwetu aliyethubutu tena kumtaja mtoto yule mbele yake. Hata jina la Mama Ryohei waliliacha, wakaanza kumwita Bibi Shizuno angali na nywele nyeusi. Kuomba radhi ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo ya kusema "mwanangu" mbele za watu.

Na ikifika saa kumi na moja, popote alipo, anaacha jembe, anakwenda nyuma ya ghala. Pale sauti inafika safi, haina upepo, na hakuna anayemwona akilia. Mimi nilijua. Majirani waliona tu mgongo wake ukikimbia. Waliona mama anaikimbia sauti ya mtoto wake aliyekufa, kila siku ya machipuko, miaka zaidi ya thelathini, na kwa kuwa ni watu wenye huruma, walikuwa wakisikitika kimyakimya majumbani mwao.

Mtaniuliza kwa nini hatukuurekodi kwa simu. Mwanangu Natsuko alijaribu alipokuja likizo. Lakini bonde letu limebanwa na milima miwili na kila sauti inapigwa huku na kurudishwa kule. Kilichoingia kwenye simu ni upepo, kunguru, na watoto wanaoimba kama wamo ndani ya birika. Shizuno alisikiliza mpaka mwisho. Akarudisha simu kwa mikono miwili, akamshukuru Natsuko, akasema huyo si yeye.

Baridi iliyopita, kwenye mkutano wa kitongoji, Bwana Onodera wa ofisi ya mtaa akatangaza kwamba mitambo ya vipaza sauti ni ya kale, mwezi wa tatu itang'olewa na kuwekwa mipya. Mitambo mipya haichezi kaseti. Kengele itakuwa ile ile, alisema, na kuhusu wimbo wangeangalia.

Usiku ule Shizuno hakula. Nilimwambia jambo ni dogo, aende kesho kwa Onodera amwambie anautaka wimbo ule ule, na kaseti ikitolewa apewe yeye.

"Nitaanzaje kusema hivyo?" akaniuliza.

"Kwa mdomo. Unafungua, maneno yanatoka."

"Wifi, kitu cha watu wote hicho. Nitakiombaje mimi peke yangu, tena kilichowaudhi miaka yote?"

Nilimwambia mficha uchi hazai. Akasema nisimletee matusi mezani.

Hata hivyo alikwenda. Alitengeneza mikate ya mchele ya majani ya yomogi, aliyokuwa ameyahifadhi kwenye barafu tangu mwaka uliotangulia, akaifunga kwenye kitambaa chake kizuri cha zambarau. Mimi ndiye niliyemwendesha mpaka ofisini, katikati ya kuta za theluji. Tulipofika akanishika mkono. "Wewe kaa humu humu garini. Ukiingia utanitia aibu."

Nikakaa. Niliwaona kupitia dirishani. Shizuno akainama, Onodera akainama. Shizuno akasukuma kifurushi, Onodera akakirudisha, Shizuno akakisukuma tena, mpaka kikapokelewa. Wakazungumza. Kisha nikamwona Onodera anavua miwani na kufuta macho, nami nikasema moyoni, ahsante, leo wifi yangu amezaliwa upya, leo amesema. Alitoka uso umelainika.

"Ameelewa," akaniambia akifunga mkanda. "Amesema nimwachie yeye, ameelewa kabisa."

"Ulimwambiaje?"

Akanieleza. Alimwambia kwamba miaka mingi sauti ya mwanawe imewasumbua watu wa Minezawa, na yeye kama mzazi hana uso wa kuwatazama. Kwamba sasa mitambo inabadilishwa, na kwa kuwa yeye ni mtu mmoja tu, asingependa ofisi ijisumbue kwa ajili yake. Basi.

Nilizima gari. "Na hapo wewe utakuwa umeomba?"

"Ningeomba vipi zaidi ya hapo? Mtu mzima anakwenda ofisini na theluji hii, na mikate, kwa sababu gani nyingine? Mwenye akili haambiwi kila kitu."

Nikafungua mlango nirudi ndani nikamwambie Onodera kwa Kijapani kilichonyooka. Shizuno akaikamata nguo yangu. Sijawahi kumwona hivyo. Akaniambia nikienda kumdai yule bwana kitu ambacho ameshakiahidi, nitamfanya aonekane mtu asiyeaminika, na yeye Shizuno hataweza tena kutazamana na mtu yeyote katika bonde hili. Ameelewa, alisema mara kwa mara njia nzima. Ameelewa.

Mwezi wa tatu nilikwenda mjini Sendai, Natsuko alikuwa anajifungua mtoto wa pili. Nikiwa huko roho haikutulia, nikampigia Onodera mwenyewe. Nikamuuliza, wimbo utakuwepo? Akacheka cheko lake la upole. Akasema Dada Kinue usiwe na wasiwasi, na Bibi Shizuno tulishaelewana. Wimbo utakuwepo, tena mzuri kuliko zamani, ila nisimwambie, ni jambo la kumfurahisha. Nikadhani wameusafisha kwa mitambo ya kisasa, wamewatoa kunguru na mikwaruzo. Nilifurahi, nikavunja siri hapo hapo, nikampigia wifi yangu. Akauliza anipikie nini nikirudi.

Nilirudi Aprili mosi mchana. Shizuno alikuwa amepaka poda. Amevaa kimono cha kijivu ambacho hakukigusa tangu mazishi ya kaka, na mbele ya picha ya Ryohei ameweka chipukizi za fuki, za kwanza kutokeza kwenye theluji. Saa kumi akaja Bibi Yasu wa nyumba ya chini kutuita, eti tuna kikao kifupi uwanjani. Tulikuta wote wapo, wazee wa Minezawa wote wanaoweza kutembea na wawili wasioweza. Kulikuwa na wali mwekundu wa maharagwe, kuna sake, pombe yetu ya mchele, kuna mabenchi yamefutwa maji. Mzee Chiba, mwenyekiti wetu, alikuwa tayari ameshapasha koo. Alinitania kwamba nimenenepa Sendai, wajukuu wananyonya bibi ananenepa. Nikamjibu kwamba yeye nguo zake ndizo zimekonda. Watu wakacheka. Shizuno pia alicheka, na mimi nikaona meno yake, kitu ambacho si cha kila siku.

Wakamweka mbele, karibu kabisa na nguzo. Alikataa, wakamvuta, akakubali. Nilimsikia akipumua.

Saa kumi na moja kipaza sauti kikakohoa, na wimbo ukaanza.

Hazikuwa sauti za watoto. Zilikuwa za Mzee Chiba, Bibi Yasu, ndugu wawili wenye kinu cha mpunga, Onodera mwenyewe, wote hawa waliokuwa wamesimama mbele yetu wakitutazama kwa hamu. Walikuwa wameimba pamoja ukumbini kule kwenye uyoga, mwezi mzima, kwa siri, wakijifunza kupumua mahali pamoja. Sauti zilitetemeka na Chiba alibaki nyuma kila mstari. Ulipofika ubeti wa pili, waliimba kwa makini sana, kila neno limewekwa mahali pake: theluji, theluji, nenda zako. Bibi Yasu alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, kwamba umesikia? Tumelirekebisha.

Ulipokwisha, yakabaki matone ya theluji yakidondoka kwenye mapaa. Onodera akapiga hatua mbele. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na naapa kwamba mtu yule hana tone la ubaya mwilini.

"Bibi Shizuno," akasema, "umebeba jambo hili miaka yote hii. Kila machipuko unatuomba radhi, na kila jioni tunakuona unavyokimbia. Sisi tulikuwa tunakuona, tukashindwa kusema. Sasa basi. Hutaomba radhi tena, na hutaisikia tena sauti ile."

Nikauliza mimi, "Kaseti iko wapi?"

"Nimeiharibu kwa mkono wangu mwenyewe," akanijibu, kwa heshima, kama mtu anayekabidhi kitu. "Niliukata mkanda vipande vipande nikauchoma. Niliogopa isije ikaangukia mahali pabaya ikamfuata tena mama wa watu."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na maneno ya kuwatosha wote, na ya kubaki. Ninyi ni vipofu? Miaka thelathini, kweli? Lakini vidole vya Shizuno vikanishika kwenye kifundo cha mkono, chini ya mkono mpana wa kimono ambapo hakuna anayeona, vikanibana mpaka mfupa. Niliwatazama wale wazee na sake zao na nyuso zao za furaha, nikajua kwamba nikisema, Onodera atajinyonga, si kwa mfano, na Bibi Yasu hatatoka nyumbani mpaka afe. Maji yalikuwa yameshamwagika. Hapakuwa na kitu cha kuokoa isipokuwa furaha yao, na huyo mwanamke akaamua kuiokoa.

Akainama. Aliinama chini kuliko nilivyowahi kumwona, poda yake ikaanguka kwenye kifua cha kimono, akakaa huko chini muda mrefu mpaka watu wakaanza kuguswa na kulia. Alipoinuka akasema kwa sauti iliyonyooka kwamba hana neno linalofaa kuwashukuru, kwamba kwa ajili ya mtu asiye na maana kama yeye wamechoka kiasi kile. Sasa moyo wake umepumzika, alisema. Wakampigia makofi. Akala wali mwekundu, bakuli zima, maana kuacha ni kumuaibisha mpishi.

Nyumbani hakulia. Nilimngoja alie, nikaweka chai, nikakaa. Alikunja kimono, akakagua kama kimepata doa, akalala.

Kesho yake asubuhi akaniamsha. Mtu akitendewa wema kwetu, lazima arudishe shukrani, na mapema. Alikuwa ameshatoa kabatini taulo mpya, zile tulizoziweka akiba kwa ajili ya mazishi, akazifunga kwenye karatasi moja moja. Nikamwambia Shizuno, unakwenda kuwalipa watu waliomzika mwanao mara ya pili? Akanitazama kwa uchovu, akasema, "Wao walikuwa wanaimba, Kinue. Wewe umeona walivyojitahidi." Kisha akaniomba nibebe kapu, mgongo unamuuma.

Tukazunguka nyumba zote. Katika kila mlango alipiga magoti kizingitini, akatoa taulo, akasema samahani kwa kitambaa hiki duni, jana mmenitendea makubwa. Na katika kila mlango walimwambia hivyo hivyo: sasa unaweza kupumzika. Bibi Yasu akamshika mikono yote miwili na kumwambia kwamba jana usiku yeye mwenyewe alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule afe. Mzee Chiba alituimbia ubeti mzima pale pale barazani, kuonyesha mahali alipokosea. Onodera hatukumkuta, mkewe akasema tangu jana anapita akipiga mluzi.

Tukapanda njia ya kurudi. Theluji ilikuwa imebaki viraka tu kwenye kivuli cha misonobari, na maji yalikuwa yanakimbia mtaroni kwa kelele. Katikati ya mlima Shizuno akasimama. Nikadhani ni mgongo.

"Wifi," akasema, "sauti yake ilikuwaje?"

"Nyembamba," nikasema. "Na alikuwa anawatangulia wenzake."

"Hilo nalijua. Nakuuliza ilikuwaje. Tangu jana nikiitafuta inakuja ya Chiba. Usiku kucha nimeitafuta, inakuja ya Chiba." Akalishika kapu nililobeba. "Wewe uliisikia kila mwaka. Huwezi kunifanyia? Huo mstari mmoja tu."

Sikuwa na namna. Niliweka kapu chini, nikasafisha koo, nikaitafuta sauti ile kichwani na nikaipata, naapa niliipata, ya juu, yenye kamasi kidogo, ya mtoto asiyetaka kigari chake kirudi ghalani. Nikafungua mdomo. Theluji, theluji, kaa kidogo. Kilichotoka ni sauti ya kizee, imekwaruzika, sawa kabisa na zile za jana kwenye nguzo.

Shizuno alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akaniinamia mimi, wifi yake, ninayelala naye chumba kimoja, jinsi alivyokuwa akiwainamia majirani asubuhi nzima. Akasema asante sana, amenisumbua.